Maji ya Kupulizia

Mtu akikuambia udobi ni kazi ya maji na sabuni tu, muulize amepiga pasi mara ngapi. Nguo ya pamba ikikauka kupita kiasi hainyooki ng'o, utaisukuma pasi mpaka bega liteguke. Dawa yake ni moja: unachota maji kwa kopo, unajaza mdomo, unayapuliza juu ya nguo, fuu! Kisha unapitisha pasi. Binti Dobi alifundishwa hivyo na baba yake tangu kimo chake kikiwa sawa na meza. Hata hilo jina la Binti Dobi alilipata kwa mzee, maana mzee naye alipiga pasi kwenye duka lile lile la udobi analofanyia kazi binti sasa, mpaka kifua kikamshinda akarudi nyumbani.

Kifua hicho ndicho kilichomnyima binti usingizi tangu homa mpya iingie mjini. Watu wenye mapafu mazima walikuwa wanapukutika. Sasa mzee ambaye kuinama avae viatu tu kunamtoa pumzi angeponea wapi? Binti aliogopa, jamani, aliogopa mpaka akawa anamwota baba yake amefunikwa shuka. Akirudi kazini anaoga uani kwanza, nguo alizotoka nazo anazichemsha, chakula anakula peke yake mlangoni. Kikombe chake alikifunga uzi mwekundu kwenye kishikio.

"Baba, hiki usikinywee. Hata uwe na kiu ya kufa."

"Umeshasema, mama. Mimi si mtoto."

Kazi moja tu alimwachia: kumpigia pasi koti la kazi la kesho yake. Hiyo hakuweza kumnyang'anya. Mzee alisema binti wa dobi hatoki nyumbani na mikunjo, watu watamcheka yeye. Na koti likishachemshwa halina ubaya.

Kazini nako, tusimwonee bosi, hakukaa bure. Aliweka ndoo na sabuni mlangoni, akabandika matangazo, akanunua chupa za kupulizia dawa akazipanga kwenye kaunta ya wateja. Aliwaambia wafanyakazi kila mtu anywee kikombe chake, wote wakaitikia ndiyo bosi. Lakini chumba cha nyuma, kule kwenye pasi, hakukanyaga. Joto la kule si la mtu mwenye shati jeupe. Huko walisimama bega kwa bega, madirisha yamefungwa ili vumbi lisichafue shuka, barakoa zimeteremka kidevuni, na kopo moja la bati linapita mkono kwa mkono, mdomo kwa mdomo.

"Shoga, hili kopo litatumaliza," Binti Dobi alimwambia jirani yake wa meza, mwanamke waliyemwita Redio kwa sababu hakuwa na pa kuzimia.

"Kwani tunakunywa?" Redio akacheka. "Tunapulizia tu!"

Wakacheka wote. Binti Dobi hakucheka, alikwenda kwa bosi kuomba chupa za kupulizia, hata mbili.

"Lini mmetumia chupa nyie?" bosi akashangaa. "Baba yako alitumia chupa?"

"Baba hakupiga pasi kukiwa na homa hii, bosi."

"Subiri kwanza, mambo mengi."

Subiri! Utadhani ugonjwa nao umeambiwa usubiri. Akarudi kwenye pasi yake, na kopo likaendelea na safari zake.

Haya, asubuhi moja Redio akazimika. Hakusema neno tangu aingie. Jasho lilimtoka, lakini mle ndani nani hatoki jasho? Binti Dobi akamtazama macho, yamekuwa mekundu.

"Mwenzangu, unaumwa."

"Nyamaza," Redio akanong'ona. "Nikirudishwa nyumbani wanangu watakula nini? Nakuomba, usinitie kitanzi."

Akakohoa ndani ya mkono wa koti, akachota maji, akapuliza juu ya shati jeupe la bosi. Kisha akasogeza kopo. Binti Dobi akayamwaga maji chini. Lakini jana je? Na juzi? Roho ikamwenda nyumbani kwa mzee.

Mchana Redio akaanguka pale pale mezani. Wakambeba nje, bosi akaja mbio, akasimama mlangoni kwa mbali.

"Sabuni niliweka! Barakoa niliwapa! Amekosa nini huyu?"

"Chupa, bosi," Binti Dobi akasema. "Tunapulizia kwa mdomo, kopo moja, wote. Hilo shati ulilovaa kalipulizia Redio leo asubuhi."

Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wahenga. Bosi alilivua lile shati mbele za watu, vifungo vikaruka, akabaki na fulana, akilishika kwa ncha za vidole. Siku nyingine wangecheka wavunjike mbavu. Duka likafungwa saa ile ile. Chupa zitaletwa, akapiga kelele, madirisha yatafunguliwa, kila mtu akapimwe! Kumbe iliwezekana.

Binti Dobi hakukawia. Njiani aliamua haingii ndani kabisa, atalala kwenye banda la uani mpaka apimwe, chakula atampitishia mzee dirishani. Moyo ukatulia kidogo. Angalau nyumbani alikuwa amejihadhari. Akapita uani, akasogea dirishani amwite.

Mzee hakumtarajia mapema hivyo. Alikuwa ameinamia meza, koti la kesho limetandazwa, pasi ya mkaa pembeni, mashavu yamejaa maji. Fuu! Mkononi alishika kikombe cha uzi mwekundu, na ndani yake maji ambayo binti aliyabakiza asubuhi.

"Baba!"

Mzee akashtuka, akatazama kikombe, akamtazama binti yake, akatabasamu kama mtu aliyesingiziwa.

"Sijakinywea, mama. Maji unabakiza kila siku, kumwaga ni hasara. Nimepulizia tu."

Akakohoa kidogo, kama alivyozoea kukohoa. Binti Dobi akabaki ameshika nondo za dirisha, anasikiliza, asijue kama kile ni kikohozi cha siku zote.