Kabla Tanga Halijaanuliwa

Mama aliniwekea mizizi ya ming'oko ya kuchemsha kwenye bakuli ukingoni mwa baraza, kisha akarudi nyuma hadi ukutani. Ndipo nami nikasogea kulichukua.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umekonda."

"Ni barakoa tu, mama."

"Barakoa haifiki shingoni."

Nilikula nikiwa nimempa mgongo, karibu na pipa la maji. Nilikuwa muuguzi Masasi, kwenye wodi ya watu walioshindwa kupumua, na mama ana kisukari. Tangu mwanzoni mwa mwaka nilikuwa nikipanda kijijini kwetu Mnyambe kumwona nikiwa nje, yeye barazani, tukiongea kwa sauti ya watu waliotenganishwa na barabara. Jioni narudi. Zamani nikija likizo nililala kitandani kwake. Kabla ya kulala nilikaa katikati ya magoti yake akanisuka, huku akinisema kwa kuchagua bwana au kwa kutomchagua. Sasa nasukwa saluni, na anayenisuka hata jina langu hajui.

Ming'oko ilikwisha. Bakuli lilikuwa bado na joto kidogo, na nikaendelea kulishika.

Baba yangu, Mwalimu Yoeli, alikufa Februari. Kifua kilimbana kwa siku chache, asubuhi moja hakuamka. Mimi ndiye niliyewaambia ndugu kwamba mwili usioshwe na majirani, watu waje wachache, asilale mtu msibani. Ningeambiwa nirudie leo, ningesema vilevile. Padri alisoma upesi, upepo ukimgeuzia kurasa, tukawa tumemaliza kabla umande haujakauka kwenye mikorosho. Mtani hata mmoja hakufika.

Huku kwetu watani ndio wanaomaliza msiba. Mtani huvaa nguo za marehemu, hutembea kama yeye, huwatukana wafiwa mpaka wacheke huku machozi yanawatoka. Akishalipwa kuku wake, tanga linaanuliwa, watu wanarudi shamba. Baba alizikwa bila hayo, na nyumba kadhaa pale kijijini zilizika hivyohivyo mwezi uleule.

Septemba nilipangwa kwenye timu ya kuhamasisha chanjo ya korona upande wa Newala. Kiongozi wetu, Gervas, alikuwa mtu makini. Alituandaa kwa kila uvumi: kwamba chanjo inafunga kizazi, kwamba mtu anawekewa kitu cha kumfuatilia, kwamba waliochanjwa watakufa baada ya miaka miwili. Mnyambe tulifanya mkutano mzuri. Watu walisikiliza, wakauliza maswali mawili matatu ya heshima, wakapiga makofi. Kesho yake tulikaa kwenye zahanati tangu asubuhi na viti vikabaki vitupu, isipokuwa kimoja alichokalia mlinzi.

"Kuna uvumi gani hapa ambao hatujauvunja?" Gervas aliniuliza. "Wewe si wa hapahapa?"

Nilikwenda kwa mama. Nikasimama mahali pangu.

"Mama, wanasema nini kuhusu sindano?"

"Hawasemi kitu."

"Basi mbona hawaji? Mbona wewe hukuja? Nilikuwekea kiti."

Alikuwa anachambua kisamvu. Aliendelea kuchambua.

"Stella, sijasema dawa yenu mbaya. Nakuamini wewe. Lakini mtu aliye msibani hatoki kwenda kujitafutia siku za kuishi. Baba yako bado yuko hapo mlangoni, hajaagwa. Mimi nimwache hapo, niende kukunja mkono wa gauni?" Alitupa bua pembeni. "Nenda kwa Mama Anderson. Nenda kwa akina Kurwa, nao walizika kama sisi. Watakwambia mvua ikinyesha, watakwambia tukishavuna. Ni hilohilo."

"Ukichanjwa mama, nitaweza kulala humu."

"Najua," akasema. "Unadhani mimi silitaki hilo?"

Gervas nilipomwambia alikuna ndevu juu ya barakoa.

"Tumekuja kuchanja," akasema. "Sasa tutafute watani?"

"Ndiyo, kaka."

"Na tuandike nini kwenye ripoti?"

Nikamwomba ruhusa nishuke Masasi. Akaniruhusu niondoke na gari la mchana.

Mtani wa baba alikuwa Bi Shakila, Myao wa Masasi, muuza mitumba. Utani wa Wayao na sisi Wamakonde ulikuwepo kabla yao, lakini wao wawili waliushika kama kazi. Baba aliposhuka mjini hakupita meza yake bila kutukanwa, na siku asipotukanwa alirudi nyumbani amenuna. Nilimkuta sokoni akikunja mashati, mawe makubwa ya Masasi yakiwaka jua nyuma yake.

"Shikamoo bibi mtani."

"Sipokei." Hakuinua macho. "Siwezi kupokea shikamoo ya mla panya aliyemfukia mtumwa wangu kama kipande cha muhogo. Mtumwa wa nani alikuwa yule? Wangu. Nani aliniomba ruhusa?"

Mwanamke wa meza ya pili alicheka. Bi Shakila hakucheka.

"Nilisikia kwa dereva," akasema taratibu. "Kwa dereva wa Hiace, Stella. Nikafunga meza, nikafika mpaka stendi, wakaniambia hamtaki watu. Nikarudi hapa, nikauza mitumba."

Nilitaka kumweleza habari za wodi, za hewa ya oksijeni, za mama na sukari yake. Maneno yote niliyofundishwa chuoni yalikuwepo. Nikakamata shati moja mezani, nikaanza kulikunja, nikalikunja vibaya.

"Sasa tunataka watu," nikasema.

"Mnataka wa nini?"

"Nataka kulala kwa mama."

Aliniangalia kwa mara ya kwanza. Akanipokonya shati, akalikunja upya.

"Marahaba," akasema.

Njiani kupanda Newala aliniuliza baba alikufaje, nami nikamsimulia yote: kulipokuwa kunapambazuka, mama akiwa jikoni anakoka moto wa chai.

Jumamosi tuliwaalika wafiwa wa nyumba zile zilizozika Februari, wakae uani kwetu, kila mmoja na nafasi yake. Gervas alisimama nyuma kabisa, kama mtu aliyekosea harusi. Mlango ukafunguliwa, na Bi Shakila akatoka amevaa koti la kijivu la baba na kofia yake, suruali imekunjwa mara tatu. Bega moja alilishusha, kama baba alivyolishusha kwa uzito wa mkoba wa madaftari. Nilishika mdomo.

"Mama Stella," akaita kwa sauti nene, "maji yangu ya kuoga yako wapi? Au umeyauza? Mmakonde wewe, maji ya mwenyewe unauza?"

Watu wakacheka. Maji pale juu hununuliwa, na kila nyumba inaujua ugomvi huo. Alizunguka uani akikagua watu kama wanafunzi, akamwambia Mama Anderson kwamba hesabu zake bado ni mbovu, akasimama mbele ya Gervas akamuuliza ada yake amelipa nani.

Kisha akakohoa.

Kilikuwa kikohozi cha baba, kile kikavu cha siku za mwisho, nami sikuwa nimemwigizia. Labda kwake pia kuna aliyekohoa hivyo. Kicheko kikakatika. Akakohoa tena, akakaa chini mchangani, koti limemfunika magoti. Mtoto wa akina Kurwa alianza kulia. Niliona Gervas ananitazama, anataka nilisimamishe jambo lile. Sikulisimamisha.

"Nilikuwa naondoka, mke wangu," Bi Shakila akasema. "Ulikuwa jikoni."

Mama alisimama. "Ungeniita."

"Ningekuita, moto ungezimika."

"Ungezimika tu. Ungeniita, Yoeli."

"Na wewe bila chai huamkiki. Ungekuja kuniaga na uso ule?"

Mama akacheka. Kilianza kama kukohoa, kikawa kicheko, kikawa kilio, na wanawake wa nyumba zile nyingine wakapokea, kila mmoja akimlilia wake. Walilia kwa majina. Ilichukua muda mrefu. Hatimaye mama akajifuta kwa kanga, akasogea.

"Vua koti la watu, mwizi wewe."

"Nilipe kwanza."

Akalipwa jogoo. Alilalamika kwamba ni mzee kuliko marehemu.

Jumatatu nyumba zile hazikuja zote, lakini viti vilipata watu, na wengine wakasimama. Mama alikuja na Bi Shakila, ambaye Masasi alikuwa anaikwepa sindano kwa kisingizio cha biashara.

"Tangulia," Bi Shakila alimwambia mama. "Mtumwa ndiye huonja kwanza."

"Mtumwa wako alishakufa. Mimi ni mke wa mtu tu. Tangulia mwenyewe, unatetemeka."

"Ni baridi ya kwenu hii."

Akatangulia, amefumba macho, akatoa tusi la Kiyao ambalo namshukuru Mungu silijui. Gervas akamwita mama. Mama hakukaa kwenye kiti cha kwa Gervas, alikuja kwenye cha kwangu.

"Achome huyu," akasema.

Nilimweleza kama ninavyowaeleza wote: sindano ni moja, mkono utauma, homa kidogo ikija asiogope. Nikamwambia kinga inachukua wiki kadhaa, kwa hiyo bado nitasimama uani kwa muda.

"Nimesikia, dokta."

"Mimi si dokta, mama."

"Fanya kazi."

Akakunja mkono wa gauni. Nilikuwa nimeusahau mkono wake. Ulikuwa umepungua, ngozi imelegea karibu na kiwiko, na kovu la moto la zamani lilikuwepo palepale. Niliushika kwa mkono wa kushoto, nikachoma kwa wa kulia. Hakushtuka. Nikatoa sindano, nikaweka pamba, nikaibana kwa kidole gumba. Vidole vinne vilivyobaki vilikuwa chini ya mkono wake, kwenye joto la kwapa, na mshipa wake ulikuwa unavigonga.

Foleni ilikuwa inangoja. Gervas alikohoa kidogo, akageukia dirishani.

"Bado hujamaliza?" mama akauliza.

"Bado, mama."

Aliitazama sindano iliyokwisha kutupwa kwenye boksi. Kisha akaegemea kiti, akauacha mkono wake mikononi mwangu.