Treni ya Haraka Husimama Kuzukawa

Kila asubuhi kituoni Kuzukawa, treni ya kila kituo ilisogezwa njia ya pembeni kusubiri ya haraka ipite. Abiria wake walisinzia wamesimama, wakatazama madirisha ya wenye bahati yakipita, kisha wakaendelea na safari yao ya kobe. Wazee wa mtaa waliiomba kampuni isimamishe ya haraka hapo pia. Walijibiwa kwa adabu kwamba abiria hawatoshi.

Bwana Inokuma alifia kwenye foleni ya treni ya kila kituo, mkoba mkononi. Ofisini kwake, kuondoka kabla ya bosi kulikuwa utovu wa adabu, na bosi hakuwa na haraka ya kwenda kwake. Daktari alisema ni moyo. Mkewe, Fusae, alimpigia pasi shati la kazi.

Jumatatu baada ya mazishi marehemu alirudi kwenye foleni, shati limepigwa pasi. Treni ya haraka ilipomwona ikafunga breki yenyewe na kufungua milango. Hakupanda. Aliinama, akawaambia wenzake, "Tangulieni." Wakatangulia.

Ikawa hivyo kila siku ya kazi, mpaka ramani ya njia ikachapwa upya, Kuzukawa ikiwa kituo cha treni ya haraka. Mwenyekiti wa mtaa, mzee Onodera, alimpelekea Fusae kikapu cha matunda.

"Mama Shuhei, mumeo ametufaa. Siku hizi tunalala nusu saa zaidi."

"Yeye halali."

"Aa, yule hata alipokuwa hai alikuwa halali."

Haukupita muda, ofisi za mjini zikapata habari, zikaanza kazi mapema zaidi kwa nusu saa ile ile.

Shuhei, mwana wao wa pekee, aliajiriwa kwenye meza ya baba yake. Maji hufuata mkondo, walisema majirani. Usiku alisinzia na vijiti vya kulia mkononi, wali haujaguswa, na asubuhi alitokwa damu puani. Fusae aliijua damu ile tangu kwa mumewe. Siku moja alimtangulia kituoni na aproni yake kiunoni.

"Baba Shuhei, wewe umeshakwenda, sikudai. Lakini huyu usimwache apande. Mshike mkono, atakusikia."

Marehemu alitazama saa yake. "Akichelewa watamfikiriaje?"

"Watafikiri yu hai."

Aliushusha mkono wenye saa. Fusae aliona yamemwingia, na tumaini likamuuma kifuani.

Treni ya haraka ikasimama. Watu wakapanda. Milango ilikuwa ikijifunga Shuhei alipoteremka ngazi mbio, tai mkononi, uso mweupe kama karatasi. Marehemu, ambaye tangu afe alikuwa hajaigusa treni ile, akatia mguu mlangoni. Mlango ukafunguka tena.

"Asante, Baba," alisema Shuhei akihema, akajipenyeza ndani.

Baba akamfunga tai vizuri, akauondoa mguu wake. Treni ikaondoka bila kuchelewa. Akaiinamia hadi behewa la mwisho, na Fusae, kwa mazoea, akainama kando yake.