Meno ya Nkambo Mujinga

Kila magharibi, kabla ya kula bukari, ugali wa jioni, Mujinga alichomoa kifuniko cha meno, akakisuuza kwa maji ya ndoo na kukiweka kwenye kikombe juu ya kabati. Kilikuwa cha plastiki, chembamba, huoni kitu mpaka umkaribie. Kila kifuniko kipya kilitangulia meno kidogo tu, na meno, yakisukumwa usiku na mchana, yalikifuata. Mfupa hulegea upande mmoja ukajijenga upande mwingine, daktari wa Lubumbashi alimweleza, huku Urbain, mchumba wake, akiitikia kama mwenye mfupa.

Urbain ndiye aliyetaka. Jino la juu lililompanda mwenzake lingeharibu picha za harusi. Mujinga alikubali kwa kuwa alimpenda, basi. Daktari alimwonya kuhusu maumivu, lakini hakuyasikia hata kidogo.

Aliyeumwa ni nkambo wake, nyanya mzaa baba, aliyefariki kabla Mujinga hajazaliwa. Mujinga alipewa jina lake, na meno yake. Kwa ajili ya jina hilo baba yake, mwalimu Maurice, alimwita “mama” tangu uchanga, na Mujinga hakuwa na jina jingine alilolipenda hivyo. Sasa bibi huyo alikuja kila jioni, shavu mkononi, akizunguka ua kutoka jikoni hadi mlangoni. Maurice alimwekea kiti. Akamchemshia majani ya mapera asukutue.

“Majina,” bibi alimwambia Mujinga, wajina wake, “meno yangu iko natembea. Nani njo anaisukuma?”

“Ni minyi, nkambo. Juu ya ndoa.”

“Na weye, haikuumi?”

“Hapana.”

“Ah. Juu ya meno ya minyi, bwana yangu alinikatazaka kucheka mbele ya bantu.” Akaendelea kuzunguka.

Mujinga akakosa raha. Alilala akigeuka-geuka, akaamka akilamba meno. Mwishowe alikiacha kifuniko kikombeni, na jioni ile bibi aliketi, akasinzia kitini mdomo wazi. Maurice alimfunika kitenge. Lakini Urbain akapiga simu ya video.

“Fungua kinywa. Iko wapi?”

Mujinga akakirudisha. Uani, bibi akaamka na kushika shavu.

Meno yakanyooka, ya Mujinga na ya bibi, siku ileile. Urbain aliyatazama kwenye simu, akafurahi kwelikweli.

“Iko muzuri sana, chérie. Sasa tuone namna ya pua.”

Bibi akafunika pua yake kwa kiganja. Mujinga alitaka kusema kitu, akasema ndiyo.

Jioni hiyo Maurice alirudi kutoka shuleni, vumbi la chaki kwenye mikono ya koti. Aliwakuta wanawake wawili uani, asiwatambue, akavua kofia kwa heshima, kama alivyofundishwa kanisani.

“Bonsoir, bamama,” alisema. “Munatafuta nani?”

Mujinga akamwambia wanamtafuta mwalimu Maurice. Maurice akawakaribisha waketi, akaenda kuleta kiti cha pili.