Simu Iliyolilia Jina

Asubuhi ya Jumatatu, Mama Edinah alifungua kibanda chake cha simu za intaneti mjini Bungoma, akafagia, akaomba, kisha akaishughulikia simu ya mezani iliyokuwa inalia. Haikulia mlio wa simu. Ililia kama mtoto mchanga. Tangu kampuni mpya ichukue laini kutoka kwa ile ya zamani, kioo chake kiliandika neno moja: haijasajiliwa.

Thuo, fundi wa kampuni mpya, alifika kutoka Kitale. Alibadilisha anwani ya mtambo, akaandika neno la siri upya, akaizima, akaiwasha. Ikalia zaidi.

"Mama, sijui nini inasumbua. Kila kitu iko sawa."

"Endelea, mwanangu. Binti yangu Sellah anapasuliwa leo huko Dubai. Atapiga tuombe kwanza, na hii ndiyo namba anajua kwa kichwa."

Mama aliisikiliza simu kidogo, akaipakata. Kwao, mtoto akilia hivyo ni marehemu anataka mtoto apewe jina lake. Wafu huitwa mmoja mmoja mpaka mtoto anyamaze.

"Wewe umeiita nani?"

"Kwa mtambo nimeiandika Bungoma Mbili."

"Ati Bungoma Mbili. Si hata ng'ombe hupewa jina, bana."

Akamwita Walubengo, marehemu mumewe. Ikalia. Akamwita Absalom, baba mkwe. Ikalia.

"Huyu si wa kwetu," akasema. "Ni wa kwenu. Nani alikufa kwa hii kazi?"

Thuo alijifuta mikono kwenye suruali. "Kuna kijana wa Lugulu. Alianguka kwa mlingoti tukihamisha hii laini. Ofisi ilisema hakuwa mtu wetu."

"Jina?"

"Khisa."

Simu ikanyamaza. Taa ikawa kijani. Kioo kikaandika: imesajiliwa, Khisa. Thuo akiwa bado anafunga begi, Sellah akapiga. Wakaomba, na kabla ya amina mama akamtaja Khisa pia.

Thuo aliijulisha ofisi ya Kitale. Wakajibu kwamba laini wanaiona, inafanya kazi vizuri, ila mtu wa jina hilo hawajawahi kumwandika kazi.

Siku hizi mama yake Khisa huja kutoka Lugulu baada ya kanisa. Huipakata simu, huiuliza kama imeshinda salama, kisha huiomba imuunganishe na ofisi ya Kitale. Khisa humuunganisha mara moja. Wa Kitale huuliza anamtafuta nani, naye huwaambia.

"Huyo hatumjui, mama," wanasema, na kwenye laini ya Khisa wanasikika vizuri kabisa.