Shibiri Mbili za Waya wa Kulsumbai

Jumamosi ile nilipokuwa napiga gitaa hotelini Utende, mgeni mmoja aliinuka kwa adabu kabisa akamwuliza mhudumu kama jenereta limewashwa. Jenereta lilikuwa limezimwa. Aliyekuwa akinguruma ni mimi.

Kosa langu, nakiri. Pedali zangu tatu za kubadili sauti ya gitaa nimezitengeneza mwenyewe ndani ya makopo ya biskuti, nikazipanga juu ya chaga nilizozing'oa kitandani. Kitanda chenyewe siku hizi kimebaki na heshima tu. Kuziunganisha nikatumia waya wa spika, kwa sababu ndio uliokuwepo nyumbani, na kwa sababu nilipomaliza kidato cha nne nilidhani fizikia nimeiacha shuleni. Kumbe waya wa spika hauna kinga. Kila kelele ya umeme iliyo karibu inaingia. Nikahamia waya wa antena ya tivii. Huo una kinga, ila ni mgumu kama kuti kavu, na nilipokanyaga pedali mara ya nne ukakatikia ndani kwa ndani. Meneja akaniambia amenipa Jumamosi moja ya mwisho. Waya unaofaa, wa kuagiza Dar, ungefika Jumatatu baada ya hapo.

Ndipo nikaenda mjini Kilindoni na gitaa, makopo yangu na kifaa cha kuchomea, dukani kwa Mzee Hasanali.

Duka lile limenilea. Zamani, kando ya kaunta, kwenye kiti cha mbao, alikaa mkewe Kulsumbai, miguu ikimsumbua, maiki mkononi. Waya wa maiki ulipanda hadi kwenye amplifaya juu ya rafu, na spika ilielekezwa ghalani. Akisema, "Mfaume, sukari," Mfaume mpagazi alitokea na gunia begani. Tatizo ni kwamba spika ile ilisikika hadi sokoni. Siku moja, mimi niko darasa la tatu, mji mzima ulitangaziwa: "Iddi, toa mkono kwenye kopo la kashata." Nilipofika nyumbani mama alikuwa na habari kamili, na fimbo.

Sasa ni mwaka wa tatu tangu Kulsumbai afariki. Mzee humwita Mfaume kwa kugonga jiwe la mizani kwenye kaunta. Kiti kipo palepale, maiki iko juu yake, na hakuna anayekikalia.

Nilimwamkia Mzee, akaitikia marahaba, nikamweleza shida yangu. Akanitolea kila waya aliokuwa nao, nami nikawa naukataa mmoja mmoja kama mwari mwenye posa nyingi. Wa pasi, mnene. Wa spika, tunajuana. Kisha macho yakapanda rafuni. Pale waya wa maiki ulipoingilia kwenye pini, mpira ulikuwa umerudi nyuma kidogo, na ndani nikauona wavu wa shaba, kinga yenyewe, uliosukwa ukauzunguka uzi wa katikati. Bado mwekundu. Kisiwani kwetu chumvi huigeuza shaba kijani kabla hujamaliza kuilipia. Nikaugusa, ukajikunja kwa ulaini bila ubishi. Ndio wenyewe.

Nilikuwa na mzaha tayari mdomoni, ukanikauka.

"Mzee, nahitaji shibiri mbili tu. Nakata upande wa pini, halafu pini naichomea tena. Maiki itasema kama kawaida."

"Kusema itasema," akajibu. "Lakini umeupima? Waya huo umeishia kitini. Ukiukata, haufiki kwake."

Ni kweli. Kutoka rafuni hadi kitini ulikuwa umenyooka bila ziada hata ya kidole. Nikamwomba radhi, nikaanza kukusanya makopo yangu, nikasema nitapiga gitaa tupu, wageni wavumilie.

Akaniuliza nitapiga wimbo gani. Nikamwambia ni ule ule niliokuwa nikiupiga barazani kwake kwa gitaa la galoni, ambao Kulsumbai alitangaza kwenye spika kwamba unafukuza wateja.

Mzee aliinua macho kwenye feni. "Akishatangaza," akasema, "alikuwa anazima feni, ausikie vizuri."

Akachukua mkasi wa kukatia kamba. Akapima kwa kiganja chake, shibiri ya kwanza, ya pili, kisha akaongeza vidole viwili, kama alivyomwongezea kila mteja maisha yake yote. Kulsumbai alikuwa akisema vidole vile viwili vingeshajenga ghorofa. Akaukata mwenyewe.

Nilichomea risasi palepale kauntani: vipande viwili vya kuunganisha pedali, kisha pini ya maiki. Nikachomeka gitaa kwenye pedali, na pedali kwenye amplifaya, nisipige kitu kwanza. Hakuna mngurumo. Feni tu, juu ya vichwa vyetu. Mzee akaizima.

Nilipiga wimbo hadi mwisho. Nilipochomoa gitaa nikairudisha pini ya maiki, maiki ikabaki inaning'inia, imepungukiwa kufika kitini. Mzee akazunguka kaunta, akakishika kiti kwa mikono miwili, akakiburuta kuelekea rafuni shibiri mbili. Akasimama, akakisogeza vidole viwili zaidi. Kisha akakikalia, mara ya kwanza mimi kumwona akifanya hivyo, akaishika maiki.

"Mfaume," akasema, na sokoni wakasikia. "Sukari."

Hakuna mtu aliyenunua sukari. Mfaume alitokea ghalani na gunia begani, akasimama katikati ya duka anakitazama kiti. Kisha akauliza taratibu aliweke wapi.