Miraba Mitatu na Nusu

Mpima ardhi mstaafu alikuwa mwana wa mpima ardhi, na baba yake huyo alizaliwa na mtu aliyebeba mnyororo wa kupimia kwa miaka arobaini pasipo kupoteza hata pete yake moja. Watu wa ukoo huo wakisema mpaka ni hapa, majirani walijenga ua na kwenda zao. Ramani ya mtaa, iliyochorwa kwa mkono wa marehemu baba yake, ilitundikwa sebuleni ndani ya kioo, nayo ilipanguswa vumbi kila Ijumaa.

Jumamosi moja alasiri, mjukuu wake wa kike, mwanafunzi wa chuo, aliipiga picha ramani hiyo na kuiingiza katika kompyuta. Yeye na rafiki zake wanne, kila mmoja akiwa kwao, walikuwa na mchezo wa kuigiza mashujaa kwa njia ya mtandao. Mjukuu alikuwa msimulizi. Wenzake walisogeza vidoli vyao juu ya ramani iliyotandazwa kwenye miraba, kila mraba ukiwa hatua moja ya mtu mzima. Siku hiyo walihitaji mtaa wa kupigania. Lakini milango aliyoichora marehemu iliangukia kati ya mistari ya miraba.

"Imekaa upogo, Babu. Naivuta kidogo."

"Vuta kwa uwiano," alisema babu, macho yakiwa gazetini. "Urefu na upana vikue pamoja."

"Kuna alama ya kufuli hapa. Nikiifunga, vinakua pamoja."

"Aliyeiweka alisoma shule."

Mjukuu alishika kona ya ramani akaivuta. Korido ya nyumba, ambayo tangu ijengwe ilikuwa hatua tisa kutoka sebuleni hadi jikoni, ikawa hatua kumi na moja.

"Nani anavuta huko?" bibi aliuliza kutoka jikoni. "Sufuria limeniacha."

"Subiri kidogo, Bibi, natafuta kipimo."

"Kitafute upesi. Chumvi imefika mbali."

Ng'ambo ya barabara, seremala aliupima mlango aliokuwa akiuranda, akaona umeongezeka shubiri moja, akaendelea kuranda. Mtaa wote ulikua kwa haki, nyumba kwa nyumba.

Baada ya mvuto wa tatu, milango yote ilikaa juu ya mistari. Pembeni mwa ramani marehemu alikuwa ameandika upana wa kila kiwanja: hatua tano kwa kila mwenye nyumba, bila upendeleo. Cha seremala kilitimia miraba mitano. Cha mwenye duka, mitano. Cha fundi cherehani, jirani wa ukuta mmoja, kilikuwa na mitatu na nusu. Cha babu kilikuwa na sita na nusu. Hakuna aliyewahi kuhesabu, kwa kuwa hapakuwa na sababu ya kuhesabu kazi ya mtu yule.

"Msimulizi," sauti ya rafiki mmoja ilitoka kwenye spika, "jitu langu ni miraba minne kwa minne. Kwa fundi haliingii hata likikunja tumbo."

"Lifungishe saumu," mwingine alimwambia.

"Mbona kwa babu yake linaingia na kucheza ngoma?"

Babu alikunja gazeti. Jiwe la mpaka lilikuwa limekwisha kuchomoza sebuleni, hatua moja na nusu kutoka ukuta wa fundi, likiwa limetoboa zulia. Lilikuwa na alama ya patasi ya marehemu, msalaba ndani ya duara. Bibi alikuja, akalitazama, akaenda kuchukua mkasi na kulikata zulia vizuri kulizunguka, lisije likafumuka.

Fundi cherehani alipiga hodi, utepe wa kupimia ukining'inia shingoni. Meza yake ya kukatia ilikuwa ya kukunjua, na chumbani mwake haikupata kukunjuliwa. Alikata vitambaa sakafuni kwa magoti, na magoti yalikuwa yameanza kuvimba. Mama yake alikufa akisema kiwanja chao ni hatua tano. Mara tatu fundi alikuja kuuliza, na mara tatu babu alimsimamisha mbele ya kioo na kumwambia kwamba ramani haina ujamaa. Mara tatu aliomba radhi, akaondoka.

"Mzee, shikamoo. Naona leo vyumba vinakua. Meza yangu imebakiza shubiri moja ifunguke. Nimekuja kuuliza kama mtavuta tena."

"Marahaba. Kaa kwanza," alisema babu.

Viti vilikuwa vimekwenda mbali, basi akaketi juu ya jiwe.

"Babu," mjukuu alisema kwa sauti ya chini, "ukuta ni mstari mmoja tu. Nausogeza hadi kwenye jiwe. Ni kazi ya kidole."

Babu alisimama mbele ya ramani.

"Marehemu hakuwahi kukosea kipimo."

"Sikusema alikosea."



"Irudishe ilivyokuwa," alisema babu.

Mjukuu aliirudisha. Korido ikawa hatua tisa, sufuria likarudi jikoni, na seremala akapata mlango uliorandwa vizuri. Wachezaji walihamia ramani ya msitu, ambako hakuna jirani. Jiwe peke yake halikurudi chini.

Hadi leo fundi hukata vitambaa kwa magoti. Jumamosi huja kunywa chai, na bibi humtandikia mto juu ya jiwe. Kiti cha babu kiko kati ya jiwe na ukuta, yaani kwa fundi.

"Starehe, Mzee," fundi humwambia kila anapokaa.

"Tumestarehe," babu hujibu. Ijumaa ramani hupanguswa vumbi.

Ninyi vijana, litieni hili masikioni. Mkirithi ramani, ipimeni kabla hamjaitundika. Na jiwe likichomoza, msilitandikie mto.