Ufunguo wa Chumba Namba Saba

Saa mbili na nusu asubuhi, baiskeli mbili za kukodi zilikuwa zimeegemezwa kwenye ukingo wa daraja la mawe, moja safi, nyingine ina tope mpaka kwenye tandiko. Yenye tope ilikuwa ya mume. Siku iliyotangulia yeye ndiye aliyeongoza njia, mkewe akamfuata, wakaishia ndani ya zizi la ng'ombe la mtu wasiyemjua, ingawa karatasi ya njia ilisema wapinde kulia penye kisima. Katika kutoka zizini waya wa uzio ulimchana kifundo cha mkono wa kushoto. Mkewe alimsafisha kidonda na kukifunga bandeji.

Sasa mke alikuwa ameikunjua ramani juu ya ukingo wa daraja. Alikuwa mkuu wa maabara ya hospitali, na hata likizoni alikunja karatasi kwa kufuata mikunjo ileile. Mume alikuwa fundi wa lifti. Kwa kuwa watoto wao walikuwa pacha, waliitana Mama Pacha na Baba Pacha tangu siku ya kujifungua. Pacha hao, ambao sasa walikuwa na ajira zao, ndio waliowalipia safari kwa kutimiza miaka ishirini na mitano ya ndoa: wiki moja ya kuendesha baiskeli kutoka mji mmoja wa kale hadi mwingine, bila kiongozi wala kundi. Kampuni ya safari ilitoa baiskeli, ramani na vyumba. Kila asubuhi gari la kampuni lilichukua mabegi na kuyatanguliza kwenye nyumba ya wageni iliyofuata, ili mtu apande baiskeli akiwa na maji na koti la mvua tu.

"Hapa njia zinaachana," Mama Pacha alisema. "Ya mto ni ndefu lakini tambarare, inapita kwenye mji wenye ukuta. Ya mlimani ni fupi, inapita kwenye machimbo ya mawe ya zamani. Zinakutana tena mjini tunakolala."

"Ukuta nimeuona jana."

"Ile ilikuwa ngome."

"Mawe ni mawe, Mama Pacha. Mimi napita mlimani."

"Peke yako?"

"Kazini kwangu kuna njia mbili tu, juu na chini. Sijapotea hata siku moja."

"Kwa sababu lifti ina kuta."

Alicheka. Mkewe hakucheka. Alikuwa amemrudisha njiani kila siku tangu waanze safari, na harufu ya zizi ilikuwa bado kwenye viatu vyake.

"Sawa," alisema. "Leo kila mtu na karatasi yake. Sikiliza. Ukifika penye tangi la maji, pinda kulia. Kushoto ni barabara ya machimbo, imefungwa. Kulia ni upande gani?"

"Nimekuwa mtoto wa chekechea?"

"Jibu."

"Mkono usio na saa."

"Haya. Ukifika nipigie."

"Nikifika nalala. Utakuta nimeshaota ndoto mbili. Na atakayefika wa mwisho anafua soksi za wote." Alipigapiga mfuko wa koti lake la njano, ambamo kitu kigumu kilitoa mlio. "Nitakupigia, mheshimiwa."

Akapanda baiskeli, akakosa gia, akaipata, akaenda. Mama Pacha alimtazama mpaka kona ya kwanza. Baada ya hapo hakuna mtu aliyethibitisha kumwona akiwa hai.

Njia ya mto ilikuwa kama karatasi ilivyoeleza. Mji wenye ukuta ulikuwa na lango moja, na kwenye mawe ya lango magurudumu ya mikokoteni yalikuwa yamechimba mifereji miwili ambayo baiskeli haikuweza kuikwepa. Ndani, mitaa ilikuwa myembamba kiasi kwamba madirisha ya pande mbili yalikaribia kugusana. Mama Pacha alifika saa saba mchana, akaketi kwenye ngazi za mnara, akampigia mumewe. Simu ililia mpaka ikakatika yenyewe.

Akapiga nyumba ya wageni walikotakiwa kulala. Alipokea mwenye nyumba, mzee mwenye sauti ya mtu aliyeketi.

"Shikamoo mzee. Ni mgeni wako wa chumba namba saba. Nauliza kama mume wangu amefika."

"Marahaba, mama. Ngoja niangalie ukutani." Kiti kililia. "Amefika. Ufunguo haupo kwenye ndoano yake."

"Umemwona?"

"Kumwona sijamwona, nilikuwa jikoni. Lakini mabegi yenu huwa yanaachwa hapa chini ya ngazi, na hayapo. Kayapandisha mwenyewe. Mumeo ana nguvu."

Mama Pacha hakuridhika na ushahidi wa vitu viwili. Alimwomba mzee asogee karibu na ngazi, akakata, akapiga simu ya mumewe mara ya pili, akaiacha ilie mpaka mwisho. Kisha akapiga tena kwa mzee.

"Umesikia kitu?"

"Imelia huko juu, mama. Namba saba ni hapa hapa juu ya kichwa changu. Imelia mpaka ikachoka. Huyo amelala usingizi wa mtu aliyepanda mlima." Mzee alicheka kidogo. "Nipande nikamgongee? Ila goti langu lina bandeji, nitachukua muda."

Alifikiri. Akilini alimwona mumewe amelala chali na soksi zake, mdomo wazi, mshindi.

"Hapana, mzee. Usijisumbue. Mwache alale."

Kwa hiyo alibaki. Kwa kuwa hakukuwa na haraka, alipanda mnara, akasoma maandishi yote ya jumba la makumbusho, hata yale ya chumba cha vyungu ambamo hakukuwa na mgeni mwingine. Juu ya mnara, upande wa kaskazini, vilima vya machimbo vilionekana vyeupe, kama jino lililovunjika. Alivitazama kwa muda, akashuka. Kwenye duka karibu na lango alinunua jozi mbili za soksi za sufu, kwa hesabu kwamba kununua ni rahisi kuliko kufua. Muuzaji aliuliza saizi ya mguu.

"Mkubwa," alisema. "Na ana maringo, nipe za rangi."

Mawingu yalikuwa yameshuka alipofika nyumba ya wageni, na taa ya mapokezi ilikuwa imewashwa. Mzee alikuwa ameweka mguu juu ya kigoda.

"Bwana bado yuko kitandani," alisema. "Hajashuka hata kuomba maji. Amekutangulia, basi wewe ndiye umeshindwa?"

"Nimeshindwa, mzee."

Alipanda na kifurushi cha soksi mkononi. Ufunguo ulikuwa kwenye kitasa, upande wa nje.

Alifungua mlango, akasimama kizingitini, akaangalia vitu kwa mpangilio, kuanzia kushoto, kama alivyowafundisha watu wake wa maabara. Mabegi mawili ukutani, sambamba, vishikio vikielekea upande mmoja. Mume wake hakuwahi kupanga kitu sambamba. Kitanda: shuka limevutwa, halina hata mkunjo. Taulo mbili, zimekunjwa. Sinki kavu. Sabuni ndani ya karatasi yake.

Alifungua mfuko wa pembeni wa begi la mumewe. Simu ilikuwa humo, imezungushiwa waya wa chaji, kama mumewe alivyoichomoa ukutani asubuhi kabla gari halijaja. Kwenye kioo palikuwa na simu mbili ambazo hazikupokelewa, zote alizopiga yeye.

Alishuka.

"Mzee, nani alipandisha mabegi?"

Mzee alitazama ndoano tupu, kisha akamtazama yeye, na uso wake ukabadilika. Akampigia dereva. Dereva alikuwa mtaa wa pili, akaja kwa miguu, mtu mnene, mwenye adabu, kofia mkononi.

"Mimi nashika zamu tu, mama. Mwenzangu anaumwa. Yeye huyaacha hapa chini. Mimi nikachungulia jikoni, nikamwona mzee na bandeji yake, nikasema huyu asipande ngazi kwa ajili ya mabegi. Nikachukua ufunguo ukutani nikayapeleka. Ufunguo nikauacha mlangoni ili mgeni asihangaike." Alimtazama mmoja, akamtazama mwingine. "Kuna kitu kimepotea?"

"Ilikuwa saa ngapi?" Mama Pacha aliuliza.

"Kabla ya saa tano."

"Na njiani hukumwona mtu mwenye koti la njano?"

"Mimi natumia barabara kuu, mama. Huko machimbo gari halipiti."

Mzee alijaribu kuinuka kwenye kiti, akashindwa, akajaribu tena. "Ningepanda," alisema. "Mwanangu, ningepanda."

"Ulitaka kupanda," alisema. "Mimi ndiye niliyekukataza."

Sajini wa polisi alikuja na watu wawili na taa. Aliuliza kama bwana alikuwa mtu wa kunywa, kama walikuwa wamegombana, kama angeweza kuamua tu kwenda zake. Mama Pacha alijibu hapana, ndiyo kidogo, hapana. Kisha sajini akaweka kidole kwenye ramani, penye alama ya tangi la maji.

"Hapa angekwenda wapi?"

"Kulia. Nilimuuliza, akajibu sawasawa."

"Una hakika?"

"Nilimsikia kwa masikio yangu."

Sajini alikuwa na watu wachache na mvua ilikuwa imeanza. Walifuata barabara ya kulia yote, kutoka kwenye tangi mpaka mjini, wakimulika mitaro ya pande zote mbili, na wakarudi wamelowa. Walikuta kifuniko cha chupa, mbwa, na kiatu kimoja cha mtoto. Mama Pacha alikaa mapokezi, kifurushi cha soksi kikiwa magotini. Mzee alimletea blanketi, akakaa naye.

Kulipopambazuka walikwenda kushoto. Hawakwenda mbali. Kizuizi cha barabara ya machimbo kilikuwa kimeangushwa zamani na upepo na nyasi zimeota juu yake. Mwenye baiskeli asingekiona. Barabara ilikatika ghafla kwenye ukingo uliochimbwa. Baiskeli ilikuwa chini, imegeuzwa magurudumu juu, na juu ya gurudumu la mbele lilikuwa limefungwa koti la njano, mikono yake imekazwa kwa fundo ili upepo usilichukue. Yeye alikuwa hatua chache kutoka hapo, amekaa, mgongo kwenye jiwe, na shati tu. Mguu mmoja ulikuwa umelala vibaya, na kiatu cha mguu huo alikuwa amekivua.

Mama Pacha aliteremshwa kwa kamba kwa sababu alikataa kusubiri juu. Mfukoni mwa koti lililokuwa gurudumuni alikuta kibweta cha bati cha miwani. Kilikuwa na uzito wa simu, na ndicho alichokipigapiga darajani. Kisha akamshika mkono mumewe, na hapo akaona kitu ambacho jana asubuhi kilikuwa mbele ya macho yake. Mkono wa kushoto ulikuwa na bandeji aliyoifunga mwenyewe. Kwa ajili ya bandeji hiyo saa ilikuwa imehamishiwa kulia. Penye tangi, mkono usio na saa ulikuwa wa kushoto.

Saa ilikuwa inatembea.

Daktari wa hospitali ya mji alikuwa mwanamke mtu mzima, na alizungumza naye kama wanavyozungumza watu wa kazi moja.

"Mfupa wa paja, dada. Damu ilivuja ndani, polepole. Na baridi, alipovua koti."

"Mpaka saa ngapi?"

"Siwezi kukupa saa."

"Nipe kati ya saa ngapi na saa ngapi."

Daktari alifunga faili lake. "Si kabla ya alasiri. Pengine mpaka giza linaingia."

"Saa saba mchana alikuwa hai."

"Ndiyo."

"Angeletwa hapa saa tisa?"

"Usiniulize hilo."

"Nakuuliza."

"Angepona," daktari alisema. "Pengine mguu ungekuwa mfupi kidogo."

Mama Pacha alimshukuru. Aliomba ruhusa, akapewa, akafungua kifurushi, akamvisha mumewe soksi mpya, kwanza mguu mzima, kisha ule mwingine. Zilimtosha.

Saa nne sajini alimfuata nyumba ya wageni kuchukua maelezo. Walikaa kwenye meza ya mapokezi. Dereva alikuwa amesimama nje karibu na gari lake, kwa sababu hiyo ilikuwa saa ya mabegi kwenda mji unaofuata na hakuna aliyemwambia afanye nini.

"Nataka tuweke mambo sawa," sajini alisema. "Mara ya mwisho kujua kwamba mumeo yuko salama ni saa saba, ulipopiga hapa. Sivyo?"

"Sivyo. Ni saa mbili na nusu, darajani."

"Lakini saa saba ulihakikishiwa."

"Saa saba nilihakikisha ufunguo, mabegi na simu. Vyote vilikuwepo kama nilivyoambiwa. Yeye sikumhakikisha."

Sajini aliandika. Mzee alikuwa ameinamisha kichwa, akisugua goti.

Hapo simu ikalia juu, chumba namba saba. Ilisikika wazi kwenye ngazi, kama mzee alivyosema. Mama Pacha alipanda, akaitoa kwenye mfuko wa begi. Kioo kilionyesha jina la mmoja wa pacha. Wao walikuwa hawajaambiwa, na siku hiyo ndiyo ilikuwa siku yenyewe ya miaka ishirini na mitano. Aliishika mkononi ikalia mpaka ikakatika yenyewe.

Ilipolia mara ya pili, aliipokea.